Mtoto Aliyezikwa Mollo

Chanji, Sumbawanga
3 Machi 2024

Mwanangu Jenifer,

Salamu katika Bwana. Natumaini wewe, mume wako Mboje na watoto hamjambo huko bondeni.

Nimepiga simu yako mara nyingi. Inaita mara moja, inakatika. Ndugu yako Abel amenieleza kwamba mtu anaweza kuifungia namba isimfikie, nami nikaelewa. Kwa hiyo naandika, na barua hii nampa Meshack, dereva wa basi la Milepa, akukabidhi mkononi.

Mama yako anaumwa. Lile tumbo alilokuwa akisema ni chakula, si chakula. Hospitali walimpima, kisha daktari akatuita mimi na Abel akasema ugonjwa umeshafika kwenye ini, na kwamba atapumzika vizuri zaidi nyumbani kuliko wodini. Nimezika watu wengi, najua maana ya maneno hayo. Yeye hatujamwambia. Lakini juzi alimwonyesha Scola, mke wa Abel, kanga za kumfunika akifa, kwa hiyo nadhani anajua.

Anakuuliza wewe. Asubuhi anauliza, jioni anauliza tena.

Miaka ishirini na minane si michache. Nina miaka themanini na miwili sasa, na magoti yangu hayapandi tena hata zile ngazi tatu za kanisani. Yaliyopita tuyaache, mwanangu. Njoo umwone mama yako.

Baba yako,
Mch. Eustace Kornel (mstaafu)


Milepa
11 Machi 2024

Kwa Mchungaji Eustace,

Barua yako imenifikia. Nilikuwa kwenye mpunga, nikaisomea palepale kwenye tuta.

Habari za mama nilikuwa nazo. Napata habari zake kwa njia zangu. Nitakuja kumwona, lakini ndani ya nyumba yako silali, na nitakueleza kwa nini, maana umeniandikia ukurasa mzima na hukumtaja mtoto hata mara moja.

Unasema yaliyopita tuyaache. Yapi? Kuna ile Jumapili uliponisimamisha mbele ya watu nikiwa na mimba ya miezi saba, ukasoma jina langu kwenye karatasi, ukasema nimetengwa na meza ya Bwana. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Yule mwalimu wa kwaya aliyenipa mimba alikuwa ameketi mstari wa pili, na jina lake hukulisoma. Hilo nimeweza kuliacha. Nilipata mume mwema, Mboje alinichukua na maneno yangu yote, akanileta huku kwenye ng'ombe wake, na wakwe zangu wa Kisukuma hawajawahi kuniuliza habari za karatasi yako.

La pili sijaliacha. Mtoto alipofika miezi minne nilikuja naye mlangoni kwako, nimemfunga mgongoni, nikakuomba umbatize. Hukutoka. Ulisema kupitia dirishani, "Atubu mama yake kwanza mbele ya watu, ndipo nitambatiza mtoto." Nikasema, "Baba, nilishasimama mara moja." Ukafunga dirisha.

Miezi minne baadaye alishikwa na degedege nikiwa kwa mjomba Baltazari, Mollo. Mjomba alipanda baiskeli kuja kukuita. Alikukuta kwenye kikao cha wazee wa kanisa, ukamrudisha na neno lilelile. Mtoto akafa jioni ile. Kesho yake ukasema kanisa haliwezi kumzika. Mjomba, Mkatoliki ambaye ulikuwa humsalimii, ndiye aliyechimba kaburi kwenye shamba lake la ulezi.

Mtoto huyo alikuwa na miezi minane. Kama unaweza kuyasema haya mbele ya watu walewale, nitaingia ndani kwako na kunywa maji. Kama huwezi, nitamwona mama na kuondoka.

Jenifer


Chanji
19 Machi 2024

Jenifer,

Nimeisoma barua yako mara nne. Abel alitaka kunisomea kwa sababu ya macho yangu, nikamkatalia.

Nataka ujue jinsi mambo yalivyokuwa. Nilifundisha shule ya msingi miaka ishirini. Baba yangu Kornel alikuwa mtu wa misa ya kila asubuhi, na nilipomwambia kwamba naacha ualimu niende kusomea uchungaji wa Kimethodisti, alichukua kiti changu akakiweka nje ya mlango. Hakunitukana. Nilikibeba begani nikaondoka, mama yako nyuma yangu, wewe na Abel mkishikilia nguo yake. Baba hakusema nami tena hadi alipokufa. Nilitembelea watu kwa baiskeli, milima yote hii, na baridi ya mwezi wa saba unaijua. Tulipofika watu arobaini chini ya bati, majirani walikuwa wakisema lile ni kanisa la walionyimwa sakramenti kwa Wakatoliki.

Ndipo ukapata mimba. Niliogopa, Jenifer. Nilijiambia, nikimwonea huruma binti yangu, nani atanisikiliza nikimwonya binti wa mwenzangu? Hakuna askofu aliyeniagiza. Wazee wa kanisa walinishauri niongee nawe nyumbani kimya kimya. Mimi ndiye niliyeandika ile karatasi.

Unataka nisimame. Mimi nimestaafu, madhabahu sasa ni ya Mchungaji Sharon, na wengi wa watu wale wameshakufa. Nani atafaidika kusikia mzee akijianika? Sijui. Nifikirie kidogo.

Ila usingoje mimi nimalize kufikiri. Jana mama yako aliuliza, "Jeni amefika?" Nikamwambia, "Yuko njiani." Akalala. Nimesema uongo, nami sijazoea.

Mch. Eustace


Chanji
22 Machi 2024

Jeni wangu,

Mkono wangu hauna nguvu. Scola anaandika, mimi nasema. Nimemwambia aandike nilivyosema, asinyooshe.

Baba yako ameniambia mnaandikiana. Alisema kama mtu anayesema ameanguka. Sikumwuliza zaidi.

Mwaka jana nilipokuja kwako baada ya mavuno niliona miguu yako imevimba kwa kusimama majini. Tafuta mtu wa kukusaidia kupandikiza mpunga. Unga wa ulezi niliokuletea, kama bado upo, mpikie binti yako Kija uji, mjamzito anapata nguvu.

Baba yako hadi leo anajua kwamba kila mwaka nakwenda semina ya akina mama. Mungu atanisamehe zile semina.

Sasa nisikilize. Lile tulilofanya Mollo siku ile, mimi na wewe na mjomba wako, baba yako asilijue. Nimelificha siku zote nalo nitaondoka nalo. Yeye ameishi kwa kazi yake. Akijua kwamba mke wake alimwendea nyuma katika jambo lile, ataona hata nyumbani kwake hakuwa mchungaji. Ni mzee. Mwache amalize.

Usije kwa sababu yake wala usibaki huko kwa sababu yake. Njoo kwangu mimi. Mwenzio nimechoka, lakini nakungoja.

Mama yako,
Cornelia


Milepa
1 Aprili 2024

Shikamoo mama,

Nimelia, kisha nikafunga mzigo, kisha Kija akashikwa na uchungu. Ni uzazi wake wa kwanza na mkunga wa zahanati anasema mtoto amekaa vibaya, nisiondoke. Mnara wa simu hapa umezima tangu Jumatano, na kwa mvua hii hata chaji hatupati, jua halitoki. Basi la Meshack limekwama mlimani. Barua hii nampa mganga wa zahanati anayepanda mjini kwa pikipiki, ameahidi kuifikisha Chanji kabla ya mwisho wa wiki.

Mama, Jumamosi nitakuwa kwako. Mboje atanivusha mto kwa mkokoteni wa ng'ombe, halafu nitapanda mlima kwa lolote litakalopita, hata kwa miguu. Saa sita mchana nitakuwa nimefika. Nitalala humo ndani, karibu na wewe. Yule mzee asiposema lolote ni shauri yake, mimi nitalala na wewe.

Ningoje hadi Jumamosi. Usiniache.

Mwanao,
Jeni


Chanji
15 Aprili 2024

Mwanangu Jenifer,

Sijui nianzie wapi. Nimefanya ibada za mazishi zaidi ya miaka thelathini, na maneno ya kumwandikia mfiwa nilikuwa nayo kichwani tayari. Sasa sina.

Mama yako alifariki Alhamisi alfajiri. Alikuwa ameomba maji, Scola akamletea, akanywa kidogo, akasema yamepoa vizuri. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Abel alikupigia siku nzima, simu haikupatikana. Tukakata shauri tumzike Jumamosi saa nne asubuhi, kabla mvua haijaanza.

Ijumaa jioni mganga mmoja alileta barua yako, juu yake umeandika "Kwa mama". Abel aliniambia, "Baba, fungua." Nikasema hapana, nimeshaingilia vya kutosha kati ya watu hawa wawili. Niliiweka kifuani pake, chini ya mikono, kabla hawajafunga jeneza. Nilitaka angalau kitu kimoja chenu nisikiguse.

Ulipofika watu walikuwa wanamalizia kusawazisha udongo. Nilikuona umesimama pale kwenye njia, matope hadi magotini, una kifurushi mkononi. Nilitaka kuja kwako, miguu ikakataa. Ulichota udongo, ukautupia, ukaondoka na mjomba wako Baltazari kwenda Mollo bila kuonja hata maji. Sikulaumu.

Jana nilimwomba Mchungaji Sharon anipe dakika tano kabla ya mahubiri. Nikasimama chini, ngazi sikuzipanda. Nilisema jina lako lote. Nilisema kwamba mwaka tisini na sita nilimtenga binti yangu hapa, nikamwacha aliyempa mimba ameketi mstari wa pili, na kwamba nilimfungia mjukuu wangu dirisha. Nilisema nilifanya kwa ajili ya heshima yangu nikamsingizia Mungu. Mzee mmoja wa kanisa alitoka nje, nadhani alichukia. Kabula, yule mama anayeuza maharage, ambaye alikuwepo siku ile, alisimama akasema, "Mchungaji, na sisi tulikuwepo, na sisi tulikaa kimya." Tukaimba, ibada ikaendelea.

Nimelisema ukiwa umeshaondoka, na mama yako hakulisikia. Nalijua hilo.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Mtoto wako alikufa bila kubatizwa, na mimi ndiye niliyemnyima. Nimehubiri kwamba Mungu ni mwema na hamtupi mtoto, nimewaambia hivyo wazazi wengi, nao wamefarijika. Mimi mwenyewe sikuweza kufarijika. Nilipombatiza mtoto wa mtu mkono wangu ulitetemeka, watu wakasema ni uzee. Haukuwa uzee, ulianza nikiwa na miaka hamsini na mitano. Na mama yako hatukulitaja kamwe. Nilidhani ananilaumu kimoyomoyo, nikaogopa kumwuliza, nisije nikamsikia akilisema. Miaka ishirini na saba tumelala kitanda kimoja na jambo hilo katikati yetu.

Sikuombi kitu. Nimetaka tu ujue.

Eustace


Milepa
29 Aprili 2024

Baba,

Barua uliyoiweka kwenye jeneza ilikuwa inasema nitafika Jumamosi saa sita mchana. Ungeifungua mngenisubiri. Nilichelewa saa mbili tu.

Sikuandikii ili kukuchoma. Nimejaribu kuandika barua hii bila kulitaja hilo, nikashindwa. Mboje alisema, "Mwambie, halafu basi." Nimekwambia. Najua ulikusudia heshima. Yaliyobaki kwenye barua ile ni ya mama, na sasa naona ni vizuri yuko nayo.

Kija alijifungua salama, mtoto wa kike.

Barua yako nimekaa nayo siku kumi bila kujibu, na nimefanya hivyo makusudi. Nilikuwa na neno la kukupunguzia mzigo na nilitaka ubaki nao kidogo, kama mimi nilivyobaki. Kisha nikaona kwamba mama angeniona vibaya, ingawa ni yeye aliyenikataza kusema.

Mtoto alibatizwa.

Siku ile Mollo, mjomba aliporudi na baiskeli yake peke yake, mama alikuwa ameshafika, mjomba alimpitia nyumbani kwanza, naye akaja kwa miguu kwa njia ya mkato ya mashambani. Mtoto alikuwa mapajani mwangu, macho yamegeuka. Mjomba akasema, "Eustace haji." Alichukua kikombe cha bati, akachota maji mtungini, akapiga magoti mbele yangu. Akaniuliza, "Unataka aitwe nani?" Nikasema Avelina, jina la bibi yake mama. Akammwagia maji kichwani mara tatu na kusema maneno yote, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Alisema alifundishwa utotoni kwenye katekesi kwamba mtoto akiwa anakufa na padri hayupo, mtu yeyote anaweza. Mjomba aliitikia. Nikamwuliza mama, "Na baba akijua?" Akasema, "Baba yako anamjua Mungu kuliko mimi, lakini leo hayupo hapa."

Alikuja huku kwangu kila mwaka baada ya mavuno. Zile semina za akina mama alikuwa kwangu. Aliwalea watoto wangu wote siku mbili tatu, akarudi kwako. Mara moja nilimwambia, mama, mwambie baba habari ya Avelina. Akasema utaumia kwamba amekuendea nyuma. Alidhani umeshasahau kuhusu mtoto, kwamba umetulia, asije akakuharibia utulivu. Ndivyo alivyokuwa akiniambia: "Mwenzangu ametulia." Nawe ulikuwa unadhani anakulaumu.

Nimevunja neno lake. Nitajibu mbele ya Mungu.

Jenifer


Chanji
10 Mei 2024

Mwanangu,

Nilipomaliza kusoma barua yako nilimwita Abel nikamwambia anipeleke Mollo. Akasema, "Leo hii?" Nikasema leo hii. Alikodi gari dogo, tukaenda.

Baltazari alikuwa anaanika mahindi. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikipishana naye sokoni kama mtu nisiyemjua, na kwenye msiba wa dada yake tulishikana mikono tu. Nilipomsalimia aliacha mahindi yake, akasema, "Shemeji, umekuja kwa miguu gani hiyo?" Akanishika mkono akanipeleka shambani mwenyewe, akinisubiri kila nilipotaka kupumzika.

Kaburi halina jina. Ameweka mawe kulizunguka na kila mwaka analima akiliacha. Alisema dada yake alikuwa akija hapa kwanza kila alipokuwa anakwenda kwako, anang'oa majani, kisha anapanda basi. Kwa hiyo nilikuwa namuaga mama yako mlangoni, namwombea safari njema ya semina, naye anakuja kuketi hapa.

Nimemfikiria sana wiki hii. Sina hasira kwamba aliniendea nyuma. Alifanya kazi yangu siku niliyoikimbia, na aliifanya sawasawa, hakuna neno alilokosea. Linaloniuma ni kwamba ningemwuliza swali moja tu, siku yoyote kati ya siku hizo zote, angenijibu. Tulikuwa tunakula pamoja. Tulikuwa tunasali pamoja kila jioni, mimi nikisali kwa sauti na yeye akinyamaza.

Baltazari aliniomba niombe pale. Nilivua kofia, nikafungua kinywa, halikutoka neno. Mwishowe yeye akaomba, Baba Yetu na Salamu Maria, kwa Kifipa, kama mama yangu alivyokuwa akituombesha tulipokuwa watoto. Mimi niliitikia amina.

Tukiwa tunarudi nyumbani kwake nikagundua kitu ambacho sikuwahi kukifikiri. Sikumwona. Ulipokuja naye alikuwa mgongoni mwako, umemfunika kwa sababu ya upepo, na mimi nilikuwa nyuma ya dirisha. Nimembeba moyoni muda wote huu na simjui sura. Nilimwuliza Baltazari, akasema, "Muulize mama yake, mimi ni mwanamume, sikumbuki vizuri."

Ukiweza, niandikie alivyokuwa. Kama huwezi, nitaelewa.

Baba yako,
Eustace


Milepa
19 Mei 2024

Shikamoo baba,

Nimeweza, ingawa imenichukua siku kadhaa.

Alikuwa mweusi kama mama, na nywele laini zilizokuwa zinamwisha nyuma ya kichwa kwa kulalia. Alizaliwa mdogo, lakini alipofika miezi mitano alikuwa na mikunjo mapajani, mjomba akimwita mfuko wa ulezi. Masikio yalikuwa yako, yale makubwa yaliyosimama. Mama aliyashika siku ya kwanza kumwona akacheka hadi machozi, akasema, "Huyu hata baba yako akimkana, masikio yatamshitaki."

Alikuwa na meno mawili ya chini. Alikuwa ameanza kukaa mwenyewe, akiegemea mto. Aliogopa kuku na kupenda mbuzi. Alikuwa halii ovyo, ila alikuwa hapendi kuachwa peke yake chumbani, hata kidogo, nikitoka tu kuchukua kuni ananiita kwa sauti ya kukasirika kama mtu mzima. Nikirudi anaacha hapohapo na kunitazama tu, bila kucheka, kama anayehakikisha.

Ndivyo alivyokuwa, baba.

Jeni